Njia, Jina na Mhuri: Lugha ya Kueleza Hitilafu za Kivinjari kwa Watumiaji wa Intaneti wa Mpanda, Mkoani Katavi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza lugha inayotumika kueleza hitilafu zinazojitokeza pale kivinjari kinaposhindwa, au kinapokataa, kufungua tovuti. Hoja kuu ni kwamba kauli ya kila siku, "mtandao unasumbua", hufunika hali mbili zisizofanana: kukatika kwa njia ya mawasiliano, na kukosekana kwa uthibitisho wa utambulisho wa tovuti. Hali ya kwanza hudai subira. Ya pili hudai tahadhari. Kwa kutumia mazingira ya Mpanda kama kielelezo, makala yanaeleza chanzo cha kila hitilafu, yanachambua istilahi zinazohusika, na yanapendekeza kauli ambazo zingeweza kumsaidia mtumiaji kutenganisha hali hizo.

1.0 Utangulizi

Istilahi za kompyuta zimekwisha kujadiliwa sana katika taaluma ya Kiswahili. Mjadala huo umejikita zaidi katika majina ya vitu: iwapo kifaa kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na iwapo neno la kufungulia akaunti liwe nywila au nenosiri. Kazi ya kuzitia istilahi katika programu zenyewe nayo ina historia yake. Mwaka 2004, kwa mfano, mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisini iliyozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili. Lakini zipo matini fupi ambazo hazijapewa uzito unaostahili, nazo ni zile zinazotokea wakati chombo kimegoma. Mtumiaji husoma matini hizo akiwa na haraka na wasiwasi, na mara nyingi fedha yake imekwisha kutumika.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana aliyehitimu kidato cha sita anasafiri kutoka Inyonga hadi Mpanda mjini ili kuwasilisha maombi ya mkopo wa elimu ya juu, maombi ambayo hupokelewa kwa njia ya intaneti na huwa na siku ya mwisho. Katika duka la steshenari, kivinjari kinaonyesha ukurasa wa onyo badala ya tovuti iliyotakiwa. Mwenye duka anatazama mara moja na kusema, "Mdogo wangu, mtandao unasumbua, rudi kesho." Kesho yake onyo ni lile lile. Kumbe mtandao haukuwa na tatizo lolote: saa ya kompyuta ilikuwa imerudi nyuma miaka kadhaa. Nauli ya pili imepotea, na siku ya mwisho imekaribia, kwa sababu ya uchunguzi ulioishia katika neno moja.

Upande wa pili wa kosa hilo ni wa hatari zaidi. Mtumiaji aliyezoea kwamba kila onyo ni "mtandao kusumbua" hujifunza kulipuuza. Siku onyo litakapokuwa la kweli, atabofya mahali pa kuendelea na kuandika nenosiri lake mbele ya tovuti asiyoijua mwenyewe.

2.0 Mpanda kama Mazingira ya Mawasiliano

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka mkoa wa Rukwa, na makao yake makuu yakawa Mpanda. Mji huo ulikua kutokana na machimbo ya madini ya risasi, na ni kwa ajili ya machimbo hayo tawi la reli kutoka Kaliua lilijengwa katika miaka ya mwisho ya 1940. Tangu wakati huo mkazi wa Mpanda amejua maana ya kuwa mwisho wa njia: akisafiri kwa garimoshi kwenda Dar es Salaam hana budi apite Kaliua na Tabora, na njia ikikatika mahali popote kati ya hapo, safari husimama.

Mawasiliano ya intaneti yana umbo lililo karibu na hilo. Ombi linalotoka katika simu ya mtu wa Mpanda hupita kwenye mnara, likafuata njia za ndani ya nchi, kisha, iwapo tovuti inayotafutwa iko ughaibuni, likaingia katika nyaya za chini ya bahari. Waya wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na ule wa EASSy ulianza kazi mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya zote mbili zilipata hitilafu, na huduma ya intaneti ikadorora Tanzania na katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Siku hiyo kauli "mtandao unasumbua" ilikuwa sahihi kabisa, wala hapakuwa na la kufanya ila kungoja.

Jambo jingine la kuzingatia ni umeme. Kwa miaka mingi Mpanda ilitegemea mitambo ya dizeli, nje ya gridi ya Taifa. Kukatika kwa umeme huzima mnara usio na akiba na ruta ya dukani. Lakini, kama itakavyoonyeshwa hapa chini, huathiri pia saa ya kompyuta, na kwa njia hiyo huzalisha maonyo ambayo hayahusiani kabisa na mnara.

Aidha, jumuiya ya wasemaji wa Kiswahili mkoani humo ni ya lugha nyingi. Wapo Wapimbwe, Wabende, Wakonongo, Wafipa na Wasukuma, na wapo wakazi wa Katumba na Mishamo wenye asili ya Burundi, ambao jamaa zao walianza kuja kama wakimbizi mwaka 1972. Kwa wengi wao Kiswahili ni lugha ya pili. Matini ya onyo inayodai kamusi haitawafaa.

3.0 Neno "Mtandao" na Mzigo Wake

Neno mtandao linatokana na kitenzi tanda, chenye maana ya kuenea au kufunika eneo. Kitenzi hicho ndicho kilicho pia katika utandabui. Kwa upande wa uundaji, istilahi hii ina uangavu wa kutosha. Tatizo lake limo katika wingi wa maana ilizobebeshwa. Katika mazungumzo ya kawaida, mtandao ni mawimbi ya simu ("hapa hakuna mtandao"), ni kampuni ("wewe unatumia mtandao gani?"), ni intaneti nzima ("nimeiona mtandaoni"), ni mfumo wa taasisi ("mtandao wa benki uko chini"), na ni kundi la watu, wema au wahalifu.

Katika vigezo vya uundaji wa istilahi vilivyopendekezwa na Kiingi, vijulikanavyo kwa kifupi kama PEGITOSCA, usahihi hutajwa miongoni mwa sifa za istilahi bora. Istilahi moja inapaswa kusimamia dhana moja ndani ya uwanja mmoja. Mtandao, kwa kigezo hicho, limeshinda katika ukubalifu na kushindwa katika usahihi. Hakuna haja ya kuliondoa, kwa kuwa wasemaji wamekwisha kulikubali. Kinachohitajika ni maneno ya kulisaidia, ili msemaji aweze kusema ni sehemu gani ya mtandao iliyoharibika.

Neno kivinjari, kwa upande mwingine, lina utajiri ambao haujatumiwa. Kitenzi vinjari ni cha mabaharia: chombo kinavinjari kinapozungukazunguka baharini, hususan kwa doria. Mara nyingi kivinjari hufafanuliwa kama chombo cha kutembelea kurasa tu. Hata hivyo, maana ya doria inafaa zaidi, maana kabla ya kumwonyesha mtumiaji ukurasa, kivinjari hukagua utambulisho wa anayeutoa. Onyo analoliona mtumiaji ni ripoti ya mlinzi.

4.0 Hitilafu za Njia

Kundi la kwanza ni la hitilafu zinazozuia ombi kufika au jibu kurudi. Kivinjari cha Chrome huambatisha msimbo kwa kila hitilafu, na msimbo huo haubadiliki hata lugha ya programu ikibadilika. Kwa hiyo ni ushahidi mzuri kwa mchunguzi.

Msimbo ERR_INTERNET_DISCONNECTED una maana kwamba kifaa chenyewe hakijaunganishwa na njia yoyote: data imezimwa, waya umechomoka, au simu iko nje ya mawimbi. Tiba iko mkononi mwa mtumiaji, kwenye kifaa chake.

Msimbo DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN unahusu jina. Tovuti hujulikana kwa watu kwa majina, lakini mashine huitana kwa namba. Kuna mfumo wa madaftari unaotafsiri jina kuwa namba, na msimbo huu unasema kwamba jina lililoandikwa halikuonekana daftarini. Mara nyingi chanzo ni herufi moja iliyokosewa. Kungoja hadi kesho hakutarekebisha herufi hiyo.

Msimbo ERR_CONNECTION_TIMED_OUT una maana kwamba ombi lilipelekwa, lakini jibu halikurudi ndani ya muda uliowekwa. Hapo njia inaweza kuwa imekatika au imesongamana, au seva imezidiwa, kama inavyoweza kutokea watu wengi wanapofungua tovuti moja siku ya matokeo ya mitihani. ERR_CONNECTION_REFUSED ni tofauti: seva imefikiwa na imekataa. Kiswahili cha kawaida kina mfano mwepesi wa kutenganisha hali hizi mbili. Katika ya kwanza mgeni amebisha hodi wala hakuna sauti. Katika ya pili ameitikiwa kwamba hapakaribishwi.

Njia rahisi ya kutambua hitilafu za kundi hili ni ulinganisho. Tovuti moja ikigoma na nyingine zikafunguka, tatizo limo katika tovuti hiyo au katika jina lake. Zote zikigoma kwenye kompyuta lakini zikafunguka kwenye simu yenye laini nyingine, tatizo limo katika kompyuta au laini yake. Zote zikigoma kwenye vifaa vyote na laini zote, hapo ndipo kauli "mtandao unasumbua" inapopata uhalali wake.

5.0 Hitilafu za Utambulisho

Kundi la pili hutokea njia ikiwa nzima. Ombi limefika na jibu limerudi, lakini kivinjari hakikubali kwamba aliyejibu ndiye aliyeulizwa. Ukaguzi huu ulianza na itifaki ya SSL iliyotolewa na kampuni ya Netscape mwaka 1995. Mwaka 1999 itifaki hiyo ilirithiwa na TLS, ambayo toleo lake la 1.3 lilichapishwa mwaka 2018. Katika itifaki hizi tovuti hutoa cheti, na mawasiliano husimbwa ili asiyehusika aliye njiani asiweze kuyasoma.

Cheti hicho kinaweza kulinganishwa na barua ya utambulisho inayotolewa na ofisi ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Mpokeaji wa barua hiyo hukagua mambo matatu: jina la anayetambulishwa, tarehe ya barua, na mhuri wa ofisi iliyoitoa. Kivinjari hukagua hayo hayo, na kila moja lina msimbo wake wa hitilafu.

5.1 Tarehe

Msimbo NET::ERR_CERT_DATE_INVALID hutokea cheti kinapokuwa kimepitwa na muda wake, au muda wake haujaanza. Lakini kwa kawaida kivinjari hupima muda huo kwa saa ya kifaa. Kompyuta ya mezani hutunza saa yake kwa betri ndogo iliyo kwenye ubao mama. Betri hiyo ikiisha, kila umeme unapokatika saa hurudi kwenye tarehe ya zamani, mara nyingi iliyo karibu na mwaka wa kutengenezwa kwa mashine. Vyeti vya leo huonekana basi kama barua zilizoandikwa kwa tarehe ya mbele, na tovuti karibu zote zinazotumia vyeti hukataliwa kwa pamoja. Simu haipati tatizo hilo kwa urahisi, kwa kuwa kwa kawaida hupewa saa na mnara. Ndiyo maana tovuti inaweza kufunguka kwenye simu ya mteja na kugoma kwenye kompyuta ya mwenye duka.

Hapa lugha inaingia kwa namna nyingine. Mswahili huhesabu saa kuanzia mapambazuko na machweo, ilhali kompyuta huhesabu kuanzia usiku wa manane. Saa tatu usiku ya Mpanda ni saa 21:00 ya kompyuta. Mtu akiirekebisha saa kwa kuandika 3:00, huku tarehe ikiwa ya siku hiyo hiyo, mashine itakuwa nyuma kwa saa 18. Kwa cheti cha miezi kadhaa tofauti hiyo inaweza isidhuru. Kwa cheti kilichotolewa asubuhi ya siku ile, itakifanya kionekane hakijaanza. Hata namba za siri zinazobadilika kila baada ya sekunde chache hukataliwa saa inapokosewa hivyo.

Suala hili linazidi kuwa na uzito. Tangu Septemba 2020 vyeti vipya havikubaliwi na vivinjari vikuu vikizidi siku 398. Mwezi Aprili 2025 jukwaa la watoaji vyeti na watengenezaji wa vivinjari liliafiki kupunguza muda huo kwa hatua: siku 200 kuanzia Machi 2026, siku 100 kuanzia Machi 2027, na siku 47 kuanzia Machi 2029. Kadiri uhai wa cheti unavyofupishwa, ndivyo saa iliyokosewa itakavyovumiliwa kidogo zaidi.

5.2 Mhuri

Msimbo NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID una maana kwamba mhuri haujulikani. Kila kifaa kina orodha ya mamlaka zinazoaminiwa kutoa vyeti. Mhuri usiokuwamo humo hukataliwa, hata kama barua imeandikwa vizuri. Sababu inaweza kuwa hila, yaani mtu aliyejiweka kati ya mtumiaji na tovuti akitoa cheti chake mwenyewe. Inaweza pia kuwa uzee wa kifaa. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti cha msingi kilichokuwa kikitegemewa na vyeti vingi vya Let's Encrypt kiliisha muda wake. Simu za Android zilizo chini ya toleo la 7.1.1 hazikuwa na mhuri mpya katika orodha yao, na zilihitaji mpango wa muda uliofikia kikomo mwaka 2024. Mwenye simu kuukuu huona maonyo ambayo jirani yake haoni, na huenda akadhani ni laini yake iliyo mbovu.

5.3 Jina

Msimbo NET::ERR_CERT_COMMON_NAME_INVALID hutokea jina lililo katika cheti linapotofautiana na jina lililoandikwa na mtumiaji. Mfano wa kawaida ni Wi-Fi ya nyumba ya wageni au ofisi inayomtaka mtumiaji ajisajili kwanza. Anapotafuta tovuti yake, ruta humwitikia badala ya tovuti hiyo, na kivinjari hugundua kwamba aliyejibu si aliyeitwa. Pamoja na hayo, dalili hiyo hiyo ndiyo inayoonekana pale mdanganyifu anapojibu kwa niaba ya tovuti ya kweli. Ni kosa kuizoea.

6.0 Uchambuzi wa Istilahi za Maonyo

Istilahi tatu zinastahili kutazamwa kwa karibu. Ya kwanza ni kosa, inayotumiwa mara nyingi mahali pa hitilafu. Kosa lina mkosaji. Anayeambiwa kuna kosa hujiuliza amefanya nini, na mara nyingine huona haya kuuliza. Hitilafu, neno lenye asili ya Kiarabu na maana ya awali ya tofauti, halimtwishi mtu lawama. Isitoshe, maana hiyo ya awali inalingana barabara na hitilafu za utambulisho, ambazo kiini chake ni tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana.

Ya pili ni salama. Tangu Julai 2018 Chrome huzitangaza kurasa zisizotumia mawasiliano yaliyosimbwa kuwa si salama. Katika Kiswahili, salama ni neno pana mno: ni afya, ni amani, ni jibu la salamu. Tovuti ikiitwa salama, msomaji huelewa kwamba mwenye tovuti ni mtu mwema. Cheti hakisemi hivyo. Kinathibitisha jina, na kuwezesha njia kusimbwa. Tapeli naye anaweza kupata cheti halali kwa jina lake mwenyewe. Upotoshi huu haukuwa wa Kiswahili peke yake. Mwaka 2023 Chrome iliondoa alama ya kufuli karibu na anwani, kwa sababu watumiaji waliichukua kuwa dhamana ya uaminifu wa tovuti.

Ya tatu ni faragha. Neno hili humaanisha hali ya kuwa peke yako, mbali na macho ya watu. Mtu anayekaa dukani, akizungukwa na wateja wengine, akiambiwa kwamba muunganisho wake hauna faragha, anaweza kuona kuwa ameambiwa jambo analolijua tayari. Hatari anayoonywa iko njiani wala haiko dukani, na neno lenyewe halimwonyeshi hilo.

7.0 Mapendekezo ya Kauli

Kutokana na uchambuzi huo, kauli tano zinapendekezwa kwa wafasiri wa programu, kwa walimu na kwa wahudumu wa steshenari. Kauli ya kwanza ni "kifaa hakijaunganishwa", ambayo humwelekeza mtumiaji kwenye kifaa chake. Ya pili ni "jina la tovuti halionekani", inayomtaka ahakiki herufi. Ya tatu ni "tovuti haijajibu", inayomruhusu kungoja na kujaribu tena. Ya nne ni "saa ya mashine si sahihi", inayomtaka arekebishe tarehe, mwaka na saa kwa hesabu ya saa 24, kisha abadilishe betri. Ya tano ni "utambulisho wa tovuti una walakini", inayomtaka asimame.

Kauli hii ya mwisho isilainishwe. Iwapo tarehe imehakikiwa, jina limeandikwa sawasawa, na onyo bado lipo, mtumiaji hapaswi kuandika nenosiri, namba ya kitambulisho wala taarifa za fedha. Ajaribu kwa kifaa kingine na laini nyingine. Baadhi ya tovuti, kwa utaratibu uliowekwa mwaka 2012, huagiza kivinjari kisimpe mtumiaji nafasi ya kupita kabisa. Huko si kugoma kwa mashine bali ni mlinzi kutimiza wajibu.

Kauli zote tano zimeundwa kwa maneno yanayojulikana na mtu aliyemaliza elimu ya msingi, na kila moja inaelekeza kwenye tendo moja. Hicho ndicho kigezo kinachopendekezwa hapa kwa matini za maonyo: zipimwe kwa tendo ambalo msomaji hulifanya baada ya kuzisoma, zaidi ya ulinganifu wake na matini chanzi ya Kiingereza.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kauli "mtandao unasumbua" si ya uongo, bali ni pungufu. Inafaa siku waya wa baharini umekatika, na inapotosha siku betri ya saa imeisha. Upungufu huo una gharama: kwa mkazi wa Karema au Majimoto ni nauli na siku, na kwa aliyezoea kupuuza maonyo ni akaba yake. Uundaji wa istilahi za teknolojia hauna budi sasa uvuke majina ya vitu na kuingia katika sentensi. Kijana wa Inyonga hakuhitaji kujua jina sanifu la kompyuta. Alihitaji mtu wa kumwambia, kwa Kiswahili chepesi, kwamba saa ya mashine si sahihi, ili irekebishwe naye awasilishe maombi yake siku ile ile.